Kuwasomea watoto kwa sauti wakiwa umri tofauti, wenzangu mnafanyaje?

Mama_Watatu_TX:

Habari za saa hizi wadau. Mimi ni mama wa watoto watatu, tuko Texas huku upande wa Dallas, na tunasomesha nyumbani. Mkubwa binti ana 11, wa kati kijana ana 7, alafu kuna kitinda mimba ana 4 ndo mwenye nyumba. Naomba tu msinijibu mambo ya sheria maana uzi wangu uliopita wote ulihamia huko, Texas homskuli wanaihesabu kama shule binafsi, ukifundisha kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema hakuna mtu anakuja kukugongea mlango, hilo halinisumbui kabisa.

Kinachonisumbua ni kusoma pamoja. Kila mahali wanaosomesha nyumbani wanakwambia kitu cha kwanza ni kukaa na watoto asubuhi mnasoma kitabu kwa sauti, wana mpaka jina wanaita kikapu cha asubuhi, unaweka vitabu vya siku hiyo kwenye kikapu mnakaa kwenye kochi mama anasoma watoto wanasikiliza, na picha zao unaona watoto wametulia utafikiri wamepewa dawa. Kwangu haiendi hivo. Nikichukua kitabu cha mdogo, mkubwa anaguna na kwenda chumbani kusoma riwaya zake za Kiingereza nene hizo. Nikichukua cha mkubwa, mdogo anapanda mgongoni kwangu anataka kile cha kondoo ambacho nimeshakisoma mpaka nakisoma usingizini. Wa kati yeye hakai. Yani hakai, anazunguka meza, anapiga sarakasi, nikimuuliza nimesoma nini anasema sijui. Mwishoni namsomea kila mtu peke yake, mpaka saa sita mchana sauti imekwisha na hesabu hatujagusa.

Jambo la pili ni Kiswahili. Wanaelewa vizuri, nikiwagombeza wanaelewa vizuri zaidi haha, ila kujibu wanajibu Kiingereza. Nilitaka muda huo wa kusoma ndo uwe wa Kiswahili, lakini vitabu sina, vichache nilivyobebewa kutoka nyumbani vimeshasomwa vikaisha, kwa hiyo nimekuwa nashika kitabu cha Kiingereza natafsiri papo hapo, na hapo ndo nachoka kuliko kawaida maana nikikwama neno moja tu wa kati keshapotea nje.

Baba yao anaendesha lori, wiki nzima yuko barabarani, kwa hiyo msiniambie tugawane zamu. Nisaidieni wenye uzoefu.

BabaWaNne_MN:

Mama watatu pole sana na karibu chama. Sisi tuko Minnesota, huku wao wanataka uwaarifu wilaya ya shule kila mwaka kabla ya Oktoba na mtoto apimwe mtihani, lakini umesema sheria hutaki kwa hiyo naishia hapo.

Mimi nianze na huyo wa kati kwa sababu ninaye wa aina yake. Dada, mtoto anaweza kusikiliza huku anatembea. Wangu nilikuwa namlazimisha akae, akikaa ndo hasikii kabisa, akili yote inaenda kwenye kukaa. Mpe mikono kazi. Kwetu kazi kubwa ni kuchambua maharage, nakwambia ukweli, namwaga maharage kwenye sinia, kila mtu anatoa mawe na yaliyooza, mimi nasoma, na mama yao anafurahi maana maharage yamechambuliwa. Maharage ya madukani huku hata mawe hayana lakini wao hawajui. Siku nyingine wanakunja soksi, siku nyingine udongo wa kuchezea, kuchora, kumenya karoti huyo mkubwa. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi nacho ni kitu chenye skrini au kinachopiga kelele. Alafu usimuulize "nimesoma nini". Subiri. Wa kwangu alikuwa chini ya meza muda wote, jioni tunakula akamwambia mdogo wake habari nzima ya mtu aliyekwama kisiwani, na majina yote kayashika.

La pili, kitabu kichaguliwe kwa ajili ya nani. Kuna Mmarekani alikuwa anaitwa Jim Trelease, aliandika kitabu kizima juu ya kuwasomea watoto kwa sauti, kampuni ya Penguin ikakitoa mwaka 1982, na hoja yake moja ilinisaidia sana. Anasema masikio ya mtoto yako mbele ya macho yake, anaweza kuelewa akisikia kitu ambacho mwenyewe hawezi kukisoma, na hayo mawili hayakutani mpaka mtoto anafika kama darasa la nane la huku. Kwa hiyo wa miaka 7 anaweza kabisa kusikia kitabu cha wa miaka 11. Ndo maana mimi kitabu kikuu nachagua kwa kumlenga mkubwa kidogo, wa kati anaburutwa humo humo, na mdogo anaambulia anachoambulia, kwanza yeye shida yake si hadithi, anataka awe karibu na wewe. Cha mdogo kisome kwanza, kifupi, dakika tano, wote wakiwepo, mkubwa aambiwe avumilie dakika tano hazijaua mtu. Alafu cha wakubwa, mdogo anapewa maharage.

Na usisome mpaka wachoke wao. Acha wakiwa bado wanataka. Simba ndo kainua mguu anataka kuingia ndani, unafunga kitabu unasema twende hesabu. Watakuchukia, kesho watakuja wenyewe.

MwalimuMstaafu_Tanga:

Wanangu hamjambo. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili maisha yangu yote, huku kwetu darasa lilikuwa na watoto wengi kuliko vitabu, kitabu kimoja dawati zima, kwa hiyo kusoma kwa sauti kwetu hakukuwa mbinu ya kisasa, ndiyo ilikuwa njia pekee. Nakujibu mwanangu wa Texas nikuambie jinsi ninavyoona.

Hicho kinachokuchosha ni kutafsiri. Acha kutafsiri. Mtu anayetafsiri papo hapo macho yako kwenye karatasi, akili iko kwenye neno, na watoto wameachwa peke yao. Kitabu cha Kiingereza kisome Kiingereza kama kilivyoandikwa, na kama unataka kiwe cha Kiswahili basi kisome wewe usiku, kifunge, asubuhi WASIMULIE. Picha zake waonyeshe ukipenda. Ukisimulia macho yanakuwa kwa watoto, unamwona anayetaka kutoroka kabla hajatoroka, unamtia ndani ya hadithi, unamwambia "basi yule kijana, alikuwa na miaka saba saba hivi, alikuwa hatulii..." uone kama hatageuka.

Na sisi watu wa Kiswahili hadithi haisikilizwi kimya. Hapa ndipo mnapokosea vijana mnaoiga makochi ya Wazungu. Ukisema paukwa lazima mtu aseme pakawa, asipojibu hadithi haianzi, basi. Tafuta hadithi zenye wimbo au zenye maneno yanayorudi, mtoto wa miaka minne na wa kumi na moja wote watakuwa na kazi. Kuna ile ya nunda mla watu, wengi mmeisikia kwa bibi zenu. Iko katika mkusanyo wa hadithi za Unguja alioutoa Edward Steere mwaka 1870, huyo huyo aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, wakati anatoa kitabu alikuwa hajawa askofu. Ni kitabu cha zamani hakina tena mwenye haki, kiko bure mtandaoni, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaotazamana nao. Hiyo ni hazina kwa mzazi aliyeko huko uliko.

Sasa tazama ile hadithi ilivyotengenezwa. Sultani ana paka, paka anakula ndama wa sultani, watu wanamshitakia, anasema paka wangu na ndama wangu, niacheni. Paka anakwenda anaongezeka, anakula mifugo, anakula watu, mpaka anakula watoto wa sultani mwenyewe, hapo ndipo anaitwa nunda. Kijana mdogo ambaye hakuna aliyemhesabu ndiye anakwenda kumtafuta. Anaua mnyama, anamburuta nyumbani anamwimbia mama yake kwamba nimemuua nunda, mama anatazama anamjibu kwa kuimba kwamba siye huyo. Ni mbwa. Anarudi porini. Mara punda milia, mara twiga, mara ndovu, na kila mara wimbo ule ule na jibu lile lile. Nikiisimulia darasani sijawahi kuimba jibu la mama mwenyewe, darasa zima linaimba. Wa miaka minne ataimba. Wa kati mpe kazi ya kuburuta mnyama, mvutishe mto wa kochi aulete mpaka miguuni kwako kila mara, kwisha kuzunguka meza. Na mkubwa wako akisema hizi za watoto muulize kwa nini sultani hakumzuia paka mapema, mwache aseme, kwa lugha yoyote. Ile hadithi ina mambo ya wakubwa ndani yake.

Kitabu hicho Kiswahili chake ni cha zamani na tahajia nyingine si za leo, kwa hiyo usiwape watoto wakisome, kisome wewe ukitie mdomoni mwako.

Mwisho, punguza mwendo. Wazazi wengi mnasoma haraka mno. Nukta ni ya kupumua. Mtu mbaya akizungumza shusha sauti, usipandishe, watoto watakuja karibu wenyewe.

Mama_Watatu_TX:

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili. Mto wa kochi 😂😂 hilo la mto naanza nalo kesho. BabaWaNne na maharage yako nimekuelewa pia.

ruaka_mum:

Marahaba kwa niaba ya mwalimu haha. Sasa mama watatu, mimi niko Nairobi, tuna wasichana wawili, homskuling tuliingia bila kupanga wakati wa korona shule zilipofungwa Machi 2020, zikafunguliwa sisi hatukurudi. Huku ni mambo ya kunong'ona kidogo sababu ya ile Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inayotaka kila mtoto aende shule, lakini si ati tuko wachache, tuko.

Nakuja kwa vitabu sababu hiyo naijua. Kuna African Storybook, ni mradi wa Saide, shirika la elimu la Afrika Kusini, wako onlaini, vitabu vya picha mingi sana, lugha nyingi za Afrika na Kiswahili iko ya kutosha. Bure kabisa, unadaunlodi, unaprinti, hata unaruhusiwa kubadilisha maneno na kutengeneza toleo lako, wameweka leseni ya wazi. Wengi huingia huko wanaokota buku ya kwanza wanaona ina neno moja kila ukurasa wanasema hii ni ya mtoi mdogo, wanatoka. Angalia kiwango. Wameviweka viwango vitano, cha kwanza ni maneno ya kwanza, cha pili sentensi za kwanza, cha tatu aya za kwanza, cha nne aya ndefu, na cha TANO ndicho wamekiita cha kusomewa kwa sauti. Anzia tano kwa hiyo kikapu yako. Cha kwanza na cha pili mwekee mdogo, na nitakuja kwa sababu nyingine hapo chini.

Wale wa Kanada walichukua hadithi arobaini kutoka hapo wakaweka kwenye tovuti ya Storybooks Canada na sauti za wasomaji, lugha tofauti tofauti na Kiswahili ikiwemo. Siku koo yako imekufa weka hiyo, watoi wafuate na kidole. Na StoryWeaver ya Pratham Books wa India nayo ina Kiswahili, hizo picha zao ni noma.

Lakini nikuonye, usiprinti kabla hujasoma. Hizi hadithi zinatafsiriwa na watu wa kujitolea, nyingine tamu sana, nyingine unasoma unasikia kabisa huyu alikuwa anafikiria Kiingereza, sentensi haiteremki. Mimi nasoma kwa sauti peke yangu jikoni kwanza, mahali nimejikwaa nafuta na biro naandika vile ningesema. Hakuna polisi wa vitabu. Mume wangu hudai nimekuwa mhariri bila mshahara.

Kuprinti: tumia chaguo la kijitabu kwa printa yako, karatasi inakunjwa katikati, stepla mbili mgongoni. Usilaminate, ni pesa, na mdogo akirarua unaprinti nyingine.

Sasa hiyo sababu nyingine. Huyo binti wa 11. Anasoma Kiingereza vizuri, si ndio? Kiswahili kusoma atashika haraka kushinda vile unafikiria, ukishajua a e i o u zinasikikaje hakuna herufi inakudanganya, si kama Kiingereza ambapo kila neno lina siri yake. Kinachomzuia ni aibu, buku zenye anaweza kusoma ni za watoto wachanga na yeye ni msichana mkubwa. Basi usimpe asome. Mwambie AMSOMEE mdogo, wewe unapika. Hapo si mwanafunzi, yeye ni dada mkubwa. Wangu wa kwanza alijifunza kusoma Kiswahili hivo, tukijifanya hatuoni.

mdau_Leicester:

Mimi ntapingana kidogo kama mtaniruhusu. Kwanini lazima Kiswahili ndo kiwe kwenye kusoma? Laibrari za huko Marekani zimejaa vitabu vizuri vya Kiingereza bure, mimi hapa Uingereza kila wiki tunarudi na mfuko umejaa. Vitabu vya Kiswahili tulivyonavyo wengi ni vya shule, vina mafunzo mwishoni, sungura kaiba, sungura kakamatwa, tumejifunza nini. Mtoto anaona ni dawa. Soma Kiingereza kwa raha zote alafu mkiongea juu ya kitabu ongeeni Kiswahili. Kwa nini yule alidanganya, ungekuwa wewe ungefanyaje, kwa Kiswahili. Upendo wa stori kwanza. Kiswahili watakipata kwenye maisha, jikoni na kwenye simu na bibi.

MwalimuMstaafu_Tanga:

Mwanangu wa Leicester, kuhusu mafunzo ya mwishoni nakuunga mkono kwa mikono miwili, nimeyafuta ubaoni mara nyingi mkaguzi akishaondoka. Hadithi ikiisha iishe. Lakini Kiswahili cha jikoni ni lete, weka, kula, acha, nawa. Hakina "akaenda, hata alipofika". Mtoto anayekisikia jikoni tu atakua anaelewa amri peke yake. Lugha ya hadithi ni nyingine na haipatikani pengine ila kwenye hadithi.

mdau_Leicester:

Hapo mwalimu umenikamata. Wangu kweli wanajua amri tu 😅. Ila nabaki na hoja ya laibrari, visomwe vyote viwili.

UmmSalim_Muscat:

Assalaam aleikum. Mie nipo Muscat, kwetu nyumbani Kiswahili cha Unguja, nje Kiarabu, masomo Kiingereza, basi nawafahamu sana munayoyasema. Watoto watatu, wawili nawasomesha nyumbani, mmoja yuko skuli kwa kuwa mwenyewe kataka.

Nataka kusema juu ya hilo la kumuuliza mtoto "nimesoma nini". Wenzetu wa homskuling wengi wanamfuata Charlotte Mason, bibi wa Kiingereza alozaliwa 1842 akafa 1923, na yeye alikuwa na mambo mawili. La kwanza vitabu viwe vyenye uhai, viloandikwa na mtu anayekipenda anachokisema, si vile vya kukusanyakusanya. La pili mtoto akishasomewa mara moja tu, asiulizwe masuali, ahadithie mwenyewe alichosikia, chote kama alivyokishika. Na masomo yawe mafupi, watoto wadogo dakika kumi na tano au ishirini basi.

Mie nilijaribu, nikimwambia Salim haya nihadithie, ananitazama. Ananambia mama si wewe ndo umesoma, unakijua. Wallahi ana haki. Kwa nini amhadithie mtu aliyekuwa na kitabu mkononi? Basi tunaye bibi yao hapa, mamake mume wangu, masikio yake hayasikii vizuri na asubuhi huwa yuko ndani na uradi wake. Adhuhuri tukila anauliza leo mumesoma nini, na huyo bibi Kiingereza hajui hata kimoja. Hapo lazima wahadithie, na lazima Kiswahili, na bibi anawakatiza, anauliza nani huyo, mtoto wa nani, wamekula nini, kwa nini mamake kamwacha ende. Hapati raha mpaka ajue mamake mtu. Wanagombania kumhadithia. Na akimaliza kusikia yeye huwapa yake, na yake ndo ndefu.

Kwa hivyo dada wa Texas tafuta mtu ambaye kweli hakusikia. Si lazima awe ndani ya nyumba.

Mama_Watatu_TX:

Jamani UmmSalim. Baba yao! Yuko barabarani huko Oklahoma sijui Arkansas, hakusikia chochote, na akiwa anaendesha anaweza kusikiliza ujumbe wa sauti. Wamtumie wao. Na yeye Kiingereza anakijua lakini anaweza kujifanya hakijui haha, ntamwambia ajibu Kiswahili tu na aulize maswali ya kijinga kama bibi.

Narudi na ripoti fupi. Hadithi ya nunda tumefanya, nilikaa nayo usiku nikaisoma ile ya mtandaoni, Kiswahili chake kweli cha zamani ila kinateremka vizuri mno, nikaifupisha. Ile sehemu ya mwanzo ya mtende wa sultani na wanawe wanaoulinda kwa zamu wakasinzia niliiacha kwa siku nyingine. Wa kati kaburuta mto, kaburuta wa pili, mwisho akamburuta mdogo ndo ndovu. Mdogo anaimba "siye" mpaka bafuni. Mkubwa alikuwa mlangoni, hakukaa, alisimama tu mlangoni na simu mkononi ila simu ilikuwa imezima nimeona. Baadae kwenye gari akaniuliza Kiingereza kama yule sultani hakujua au alijua. Nikamwambia mimi sijui wewe unaonaje. Akasema alijua.

Sasa swali moja la mwisho, huyu wa mlangoni nimwite akae au nimwache?

BabaWaNne_MN:

Mwache mlangoni. Usimwangalie hata. Weka tu kiti karibu na mlango kama vile kilikuwa hapo siku zote.

ruaka_mum:

Na usimwambie ati umeona simu imezima!! Msichana wa 11 ukimwambia hiyo umempoteza mwaka mzima. Hiyo ya mtende na ndege anayekula tende mpe yeye aisome kimya kwanza, ule ukurasa wa Kiingereza uko hapo hapo akikwama, alafu yeye ndo awasimulie wadogo wewe ukiwa unapika. Kuna pale kijana wa mwisho anatafuna mahindi na mchanga ndio asisinzie, watoi hupenda hapo, wangu walitaka kujaribu.

MwalimuMstaafu_Tanga:

Wasijaribu.

UmmSalim_Muscat:

😂😂 Mwalimu. Dada wa Texas, baba akishaanza kujibu tuletee basi hapa alichouliza, na kama hakuuliza mamake nunda ni nani, bibi wa hapa ataka kujua.